Kompyuta Kuu za Utafiti Uganda: Mashine Zipo, Fungu la Bajeti Halijapatikana

Uganda ina vituo viwili vinavyojulikana vya kompyuta kuu za utafiti wa sayansi, na havitengani hata kilomita 50. Kimoja kiko Entebbe, kando ya Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Uganda (UVRI): ni Kituo cha Taarifa za Tiba cha Uganda, maarufu kwa kifupi cha UMIC, kilichojengwa kwa fedha za Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza (MRC). Kingine kiko Kampala, Chuo Kikuu cha Makerere, ndani ya Taasisi ya Magonjwa ya Kuambukiza (IDI). Hicho ni kituo cha umahiri wa bioinfomatiki na sayansi za data kinachoitwa ACE, na kimeanzishwa kwa ushirikiano na NIAID, taasisi ya serikali ya Marekani inayoshughulikia mzio na maradhi ya kuambukiza. Kwa hiyo ukiuliza kama serikali inasaidia kompyuta kuu za utafiti Uganda, jibu ni ndiyo, ila serikali zilizobeba sehemu kubwa ya mzigo ni za London na Washington. Serikali ya Kampala ina mkongo wa taifa, kituo cha data, mfuko wa utafiti na sekretarieti ya sayansi iliyo chini ya Ofisi ya Rais. Bado haijaviunganisha hivyo vyote kuwa mpango mmoja wa kompyuta za utafiti, wenye bajeti yake ya kila mwaka.

Kompyuta kuu ya siku hizi si mashine moja ya ajabu. Ni seva nyingi, ambazo kila moja haitofautiani sana na zile za benki, zilizopangwa kwenye makabati ya chuma, zikaunganishwa kwa mtandao wa kasi na kupewa hifadhi moja ya data. Mkusanyiko huo huitwa klasta, na kila seva ndani yake ni nodi. Kazi kubwa hukatwa vipande, kila nodi ikachukua chake, kisha majibu yakakusanywa. Mwanafunzi wa uzamili anayeitumia hahitaji kuiona kwa macho. Anaingia kwa mbali kwa laptopu yake, anaandika faili fupi linalotaja viini vingapi vya prosesa anavihitaji, kumbukumbu kiasi gani na kwa saa ngapi, halafu faili hilo linaingia kwenye foleni inayosimamiwa na programu kama Slurm. Akiomba saa 12 na kazi yake ikataka 13, mashine inaikata saa ya 12 inapotimia, na asipokuwa amehifadhi hatua za katikati anaanza upya. Akiomba saa 100 ili awe salama, foleni inampitisha nyuma ya waliojipimia. Sehemu kubwa ya ustadi wa fani hii ni kujua kuomba kinachotosha, na ustadi huo hujengwa kwa mazoezi ya miezi kwenye klasta halisi.

Kuna kazi zinazokatika kirahisi na kuna zisizokatika. Kuchambua jenomu za watu 2,000 ni kazi 2,000 zinazojitegemea, na nodi moja haina haja ya kujua jirani yake anafanya nini. Kutabiri hali ya hewa ni jambo jingine. Anga hugawanywa katika miraba, na kila mraba lazima upate habari za miraba inayopakana nao, upepo wake, unyevu wake na joto lake, kabla ya kupiga hatua nyingine ya dakika au sekunde chache. Nodi zinazungumza bila kukoma, na mtandao wa ndani ukiwa wa polepole, prosesa za bei kubwa hukaa zikisubiri. Hapo ndipo klasta ya utafiti inapoachana na chumba cha seva cha wizara. Kituo cha data cha serikali kinaweza kuwa na seva nyingi na bado kisifae kwa sayansi, kwa sababu kilijengwa kuhudumia maelfu ya maombi madogo ya wananchi, si hesabu moja kubwa inayochukua siku tatu.

Haja ya mashine hizi Uganda ilianzia kwenye afya. Katika vijiji vya Kyamulibwa, kusini magharibi mwa nchi, kuna kundi la wananchi ambalo afya yake imefuatiliwa tangu 1989, mwanzoni kwa ajili ya kuelewa mwenendo wa Ukimwi. Mwaka 2019 jarida la Cell lilichapisha matokeo ya hazina ya jenomu iliyotokana na kundi hilo: taarifa za vinasaba za watu 6,400, na kati yao 1,978 wakiwa wamesomwa jenomu nzima. Matunda ya kazi hiyo si ya vitabuni tu. Watafiti waligundua kwamba upungufu wa kipande cha herufi kama 3,700 kwenye jeni za alfa-globini, ambao ni wa kawaida kwa Waafrika na unahusishwa na kinga dhidi ya malaria kali, unaendana na mabadiliko ya kiwango cha HbA1c. HbA1c ndicho kipimo ambacho hospitali nyingi hutumia kutambua na kufuatilia kisukari. Maana yake ni kwamba majibu ya kipimo yanaweza kusogezwa na umbile la damu ya mgonjwa, mbali na sukari yenyewe. Upungufu huo ni nadra mno Ulaya, kwa hiyo data za Ulaya, hata zikiwa nyingi namna gani, zisingeuonyesha.

Ukubwa wa data hizo ndio unaolazimisha kompyuta kuu. Jenomu ya binadamu ina herufi takriban bilioni 3. Ili kuaminika kwa matumizi ya tiba, kila herufi husomwa mara 30 hivi, na mafaili ghafi ya mtu mmoja hufikia gigabaiti 100. Watu 2,000 wa namna hiyo ni terabaiti 200. Kwenye laini ya intaneti ya megabiti 100 kwa sekunde, ambayo ofisi nyingi za Kampala zingeiona ni nzuri, kuhamisha terabaiti 200 bila kusimama kungechukua siku 185. Kwenye laini ya gigabiti 10 ni chini ya siku mbili. Kabla ya kununua hata prosesa moja, nchi inayotaka sayansi ya data lazima kwanza ishughulikie njia ya kuzipitisha.

Haja ya pili ni magonjwa ya mlipuko. Uganda ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona Machi 2020. Mwishoni mwa mwaka huo, wanasayansi wa Entebbe waliokuwa wakisoma jenomu za virusi kutoka sehemu mbalimbali za nchi waliona ukoo mpya. Walikuwa wameshauona mwanzo wake katika mlipuko wa gereza la Amuru na mji wa Kitgum, kaskazini, nao ukabadilika hadi kuwa aina iliyopewa jina A.23.1 na kutawala Uganda kwa kipindi. Jenomu ya kirusi cha korona ni fupi, herufi 30,000 hivi, na kompyuta ndogo inaweza kuisoma. Kazi nzito huja unapotaka kulinganisha sampuli moja na mamia ya maelfu ya nyingine kutoka duniani, kuchora ukoo wao na kukadiria ulianza lini. Ebola ya aina ya Sudan ilipozuka Mubende Septemba 2022, na tena Kampala kwenyewe Januari 2025, swali la kwanza la madaktari lilikuwa hilohilo: virusi hivi vinatokana na mlipuko uliopita, au vimeingia upya kutoka kwa wanyama? Jibu linaamua wafuatiliaji watafute wapi, na linahitajika leo, si baada ya foleni ya wiki mbili kwenye mashine ya nchi nyingine.

Ziwa Victoria linaleta haja ya tatu, na pengine ndiyo inayogusa maisha ya watu wengi zaidi kwa siku. Ziwa lina eneo la karibu kilomita za mraba 69,000, kubwa kiasi cha kujitengenezea hali yake ya hewa. Usiku nchi kavu hupoa kuliko maji, upepo unashuka kutoka pande zote kuelekea katikati ya ziwa, hewa yenye unyevu inapanda, na ngurumo hupiga kabla ya alfajiri. Ni saa zilezile ambazo wavuvi wa mukene, dagaa wa ziwa hili, wako mbali na pwani na taa zao. Modeli za dunia nzima, zenye miraba ya kilomita 10 hivi na zaidi, hazilioni vizuri wingu moja la ngurumo. Ndani ya mradi wa HIGHWAY, ulioanza 2017 na kuongozwa na Shirika la Hali ya Hewa Duniani kwa fedha za Uingereza, mamlaka za hali ya hewa za Uganda, Kenya, Tanzania na Rwanda zilitoa tahadhari kwa wavuvi zikisaidiwa na modeli ya miraba ya kilomita 4 hivi. Modeli hiyo ilikokotolewa kwenye kompyuta za idara ya hali ya hewa ya Uingereza, mjini Exeter. Sababu ni ya kihesabu: ukipunguza upana wa mraba kwa nusu, idadi ya miraba inaongezeka mara nne, na hatua za muda nazo lazima zipunguzwe kwa nusu, kwa hiyo kazi inaongezeka mara nane. Kutoka kilomita 16 hadi 4 ni mara 64. Mamlaka ya Hali ya Hewa ya Uganda haiwezi kuruka pengo hilo kwa kununua seva mbili tatu.

Haja ya nne imekuja kwa kasi, nayo ni akili mnemba. Maabara ya akili mnemba ya Makerere imefanya kazi ya kutambua maradhi ya muhogo kwa picha za simu, na humo ndimo ulimozaliwa AirQo, mradi wa kupima uchafuzi wa hewa ya Kampala ulioanza 2015. Kufundisha modeli za aina hii kunataka prosesa za michoro, ambazo ni ghali na zinapitwa haraka kuliko kifaa kingine chochote kwenye chumba cha seva.

Upande wa njia za data, Uganda imefanya vizuri kuliko inavyosifiwa. Nchi isiyo na bahari ilitegemea setilaiti mpaka mikongo ya baharini ilipotua pwani ya Afrika Mashariki kuanzia 2009. RENU, mtandao wa utafiti na elimu wa Uganda, uliasisiwa 2006 na viongozi wa vyuo na taasisi za utafiti ili kununua intaneti kwa pamoja, na leo unaunganisha vyuo, taasisi na hospitali za utafiti. Kupitia muungano wa UbuntuNet, wenye makao yake Lilongwe, na mradi wa AfricaConnect unaochangiwa na Umoja wa Ulaya, mtafiti wa Makerere anafika kwenye mitandao ya utafiti ya Ulaya bila kupita kwenye msongamano wa intaneti ya kibiashara. RENU ni mfano mzuri wa chombo cha wanachama, kinacholipwa na wanaokitumia, kikasimama. Mjadala wa kompyuta kuu ungefaidika sana kwa kuuchunguza mfano huo kwa makini.

Upande wa mashine hadithi ni tofauti. UMIC ilitokana na uamuzi wa MRC wa kuwekeza katika uchambuzi wa data za tiba, na kitengo cha utafiti cha MRC kilichoko Entebbe kiliungana mwaka 2018 na chuo cha London cha afya na tiba za tropiki. ACE ya Makerere ilifuata nyayo za kituo cha kwanza cha aina hiyo, kilichoanzishwa Bamako, Mali. Chini ya Dkt. Daudi Jjingo, imekuwa mahali pa kufundishia kizazi cha wanabioinfomatiki wa Uganda, sambamba na mitandao ya mafunzo iliyotokana na mpango wa H3Africa wa Marekani na mfuko wa Wellcome. Bila uwekezaji huo Uganda isingekuwa na wataalamu wa kuzungumzia suala hili leo. Shukrani hiyo ni ya haki. Lakini mashine inayoletwa na ruzuku hubeba masharti yake: aina ya utafiti, watumiaji wa kwanza, na tarehe ya mwisho. Mtaalamu wa fizikia anayetaka kukokotoa tabia ya madini, au wa kilimo mwenye jenomu za ndizi, anaingia kwenye klasta ya magonjwa kama mgeni.

Serikali ya Uganda yenyewe imejenga vipande vingi. Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia (UNCST) lipo tangu 1990. NITA-U, mamlaka ya teknolojia ya habari, iliundwa kwa sheria ya 2009, na ndiyo inayosimamia mkongo wa taifa wenye urefu wa kilomita maelfu na kituo cha taifa cha data. Wizara ya sayansi ilianzishwa 2016, kisha 2021 shughuli zake zikahamishiwa sekretarieti iliyo chini ya Ofisi ya Rais, ikiongozwa na Dkt. Monica Musenero, mtaalamu wa magonjwa ya mlipuko. Mwaka wa fedha 2019/20 serikali iliipa Makerere shilingi bilioni 30 za utafiti kupitia mfuko wa Mak-RIF, hatua kubwa kwa nchi ambayo utafiti wake kwa miaka mingi ulilipwa kutoka nje. Fedha za namna hii zilikwenda kwenye miradi: kila timu ikapata yake kwa muda maalumu. Ruzuku ya mradi inaweza kununua laptopu, vitendanishi, hata seva moja. Haiwezi kuajiri msimamizi wa klasta kwa miaka kumi, wala kulipia umeme baada ya ripoti ya mwisho kuwasilishwa. Matokeo ya kawaida ya mfumo wa miradi ni seva kumi ndogo katika idara kumi, kila moja na kiyoyozi chake, nyingi zikikaa kimya wakati mwenyewe hana kazi.

Marekani nayo iliwahi kuwa na mashine bila mpango wa kuzifungua kwa watafiti wote. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kompyuta kuu bora duniani zilitengenezwa huko, lakini nyingi zilikuwa ndani ya maabara za silaha, na mwanasayansi wa kawaida wa chuo kikuu hakuwa na mlango. Larry Smarr, mwanafizikia wa anga kutoka Illinois, alikuwa akisafiri hadi Taasisi ya Max Planck, Ujerumani, kutumia mashine ya Cray iliyotengenezwa nchini kwake. Ripoti ya 1982 ya kamati ya mwanahisabati Peter Lax ililieleza tatizo hilo kwa serikali, na kuanzia 1985 Wakfu wa Taifa wa Sayansi ukafungua vituo katika vyuo vikuu, wazi kwa mtafiti yeyote mwenye pendekezo lililopita tathmini. Mtandao uliojengwa kuviunganisha, NSFNET, ukaja kuwa uti wa mgongo wa intaneti. Mpango ule ulinunua mashine, na papo hapo ukaweka kanuni ya nani anapata saa ngapi na kwa kigezo gani.

Afrika Kusini ndiyo mfano wa karibu. Kituo chake cha kompyuta kuu, CHPC cha Cape Town, kilifunguliwa 2007 kwa fedha za wizara ya sayansi na husimamiwa na baraza la utafiti la CSIR. Pembeni yake kuna mtandao wa utafiti wa SANReN na huduma ya kuhifadhi data, vyote vikiwa chini ya mfumo mmoja wa taifa. Mwaka 2016 kiliwasha Lengau, mashine yenye uwezo wa kilele wa petaflopu moja, yaani hesabu trilioni elfu moja kwa sekunde. Watafiti wa vyuo vya umma hawalipi kwa saa. Jambo la kuiga hapo, zaidi ya petaflopu, ni kwamba Lengau haikuwa mashine ya kwanza wala haikukusudiwa kuwa ya mwisho: kituo kilianza na ndogo, kikajifunza, kikabadilisha.

Njia nyingine ambayo Afrika Mashariki imeijaribu ni msaada wa mashine zilizotumika. Ranger, kompyuta kuu ya Texas iliyoanza kazi 2008 ikiwa miongoni mwa zenye nguvu zaidi duniani, ilizimwa Februari 2013, na baadhi ya makabati yake yakasafirishwa Afrika Kusini, Botswana na Tanzania ili kulea wataalamu. Kwa mafunzo, msaada kama huo una thamani kubwa: kijana anayeunganisha nodi kwa mikono yake, akaweka Slurm na kuona kazi ya kwanza ikipita, haoni tena fani hii kuwa ya watu wa mbali. Kwa uzalishaji wa sayansi, hesabu inageuka. Ranger nzima ilikuwa na uwezo wa teraflopu 579, yaani zaidi kidogo ya nusu ya petaflopu, na ilikula megawati 2 hivi. Leo seva moja yenye prosesa nane za michoro za kiwango cha juu inaukaribia uwezo huo kwenye makaratasi, kwa kilowati 10. Mashine ya zamani ya bure, kwa kila hesabu inayotoa, ni ghali kuliko mpya ya kununua, kwa sababu bili ya umeme haina bure.

Umeme basi unastahili kutazamwa kwa karibu. Seva yenye prosesa mbili, ikifanya kazi kwa nguvu zake zote, huvuta wati 500 hivi. Klasta ndogo ya seva 40 ni kilowati 20. Mwaka una saa 8,760, kwa hiyo ni uniti 175,200 kwa mwaka, na viyoyozi havijawashwa bado. Katika joto la Kampala, chumba kisichobuniwa vizuri kinaweza kuongeza nusu ya kiasi hicho juu yake. Uganda ina umeme wa kuzalisha: Karuma, yenye megawati 600, ilizinduliwa rasmi Septemba 2024 na kuipandisha nchi juu ya megawati 2,000. Lakini umeme wa bwawa si lazima ufike chumbani bila kukatika. Tangu Aprili 2025, ambapo kampuni ya serikali ya UEDCL ilipokea usambazaji baada ya mkataba wa kampuni binafsi iitwayo Umeme kumalizika, suala la nyaya na transfoma limekuwa la serikali moja kwa moja. Hesabu ya siku nne iliyofika siku ya tatu huanguka kwa kukatika kwa sekunde moja tu, kama betri za akiba zimechoka. Betri hizo hubadilishwa kila baada ya miaka michache, dizeli ya jenereta hununuliwa kila mwezi, na seva zenyewe zinazeeka ndani ya miaka mitano hivi. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachofanana na ununuzi wa mara moja. Kompyuta kuu ni gharama ya uendeshaji yenye mashine ndani yake, na hazina inayoipangia kama jengo itajikuta na jengo lenye seva zilizozimwa.

Wapo wanaosema Uganda iruke hatua hiyo na kukodi huduma za wingu kutoka kampuni kubwa za nje. Hoja ina uzito. Mtafiti analipia saa alizotumia, anapata prosesa za kisasa leo leo, na hana jenereta ya kuilisha. Kwa timu ndogo yenye kazi ya vipindi, wingu ni jibu zuri. Kwa kazi ya mwaka mzima huwa ghali, bei yake ni ya dola wakati bajeti ni ya shilingi, na kampuni nyingi hutoza zaidi unapotoa data nje kuliko unapoziingiza. Kuna pia suala la njia: Januari 2021, wakati wa uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchini kote kwa takriban siku tano. Klasta iliyoko Makerere ingeweza kuendelea na kazi zake ndani ya mtandao wa chuo. Data zilizoko kwenye wingu la nje, tuseme Frankfurt, zisingefikika.

Sheria nayo ina neno. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inaruhusu data binafsi kuchakatwa nje ya Uganda ikiwa kuna ulinzi wa kutosha huko au ridhaa ya mhusika, na jenomu ni data binafsi kuliko zote. Oktoba mwaka huohuo Taasisi ya Sanger ya Uingereza, ambako sampuli nyingi za Kiafrika zikiwemo za Uganda zilisomwa, ilituhumiwa kutaka kutengeneza kifaa cha kibiashara kutokana na DNA hizo bila ridhaa kamili. Sanger ilikana kukosea. Chuo Kikuu cha Stellenbosch kilidai kurudishiwa sampuli zake. Nchi yenye uwezo wa kukokotoa kwake huingia katika mazungumzo ya aina hiyo ikiwa na uchaguzi, kwa kuwa inaweza kusema data zibaki Entebbe na mshirika aingie kwa mbali.

Teknolojia yenyewe imeanza kupunguza ukubwa wa mlima kwa baadhi ya fani. Modeli za hali ya hewa za akili mnemba, zikishafundishwa, hutoa utabiri kwa sehemu ndogo ya kompyuta ambayo modeli za fizikia zingehitaji. Kituo cha tabianchi cha kanda, ICPAC, kilichoko Kenya, kimeshirikiana na Chuo Kikuu cha Oxford kutumia njia hii kwa mvua za Afrika Mashariki. Kwa mamlaka ya Uganda, maana yake ni kwamba klasta ya wastani yenye prosesa chache za michoro inaweza kufanya leo sehemu ya kile ambacho miaka kumi iliyopita kilihitaji kompyuta za Exeter. Hilo linapunguza bei ya kuanza. Halipunguzi haja ya watu wa kuiendesha.

Mwaka 2025 ulitoa sababu ya kuharakisha. Mei mosi taasisi za afya za Marekani, NIH, ambazo NIAID ni sehemu yake, zilitangaza kusitisha utaratibu wa ruzuku ndogo zinazopitishwa na vyuo vya Marekani kwenda kwa washirika wa nje, mpaka muundo mpya utakapowekwa. Maabara za Kampala zilizozoea kupanga miaka mitano mbele zililazimika kupanga upya. Uamuzi ulifanywa kwa sababu za ndani za Marekani, na Uganda haikuwa na kura. Hali hiyo haihusu kompyuta peke yake, lakini kwenye kompyuta athari yake ni kali, kwa kuwa mashine isiyo na mtu wa kuilinda hushambuliwa na wadukuzi, diski zake hufa moja baada ya nyingine, na data za miaka hupotea kimya kimya.

Mpango wa taifa wa Uganda usingehitaji kuanza na jengo jipya. Mashine za Entebbe na Makerere zipo, RENU inaziunganisha, na UNCST ina uzoefu wa kutathmini maombi ya utafiti. Kinachokosekana ni makubaliano yanayoifanya sehemu ya saa za klasta hizo kuwa mali ya wote, kwa maombi yanayoshindanishwa kwa ubora, pamoja na kanuni kwamba mlipuko ukitangazwa kazi za dharura zinapita mbele ya foleni. Serikali ingelipa sehemu ya umeme, betri na ubadilishaji wa seva kwa fungu linalojirudia kila mwaka, na wafadhili wa nje wangeongeza juu ya msingi huo badala ya kuwa wao ndio msingi. Mfumo wa RENU wa wanachama kuchangia ungeweza kubeba gharama zilizobaki, kwa kuwa vyuo vya Mbarara, Gulu na Busitema navyo vina wanafunzi wanaohitaji foleni hiyohiyo.

Fungu la kwanza la fedha hizo lingefaa kwenda kwa wasimamizi wa mifumo. Msimamizi mzuri wa klasta anajua Linux, mtandao, hifadhi, na pia anaelewa swali la mtafiti kiasi cha kumwambia kwamba programu yake inatumia kiini kimoja kati ya 32 alivyoomba. Hayuko kwenye ngazi ya uhadhiri, hapandishwi cheo kwa makala, na mara nyingi mkataba wake unafungwa na tarehe ya ruzuku. Mtu huyo, akishajifunza kwa miaka mitatu kwa fedha za utafiti, ndiye ambaye benki na kampuni za simu za Kampala ziko tayari kumlipa vizuri zaidi kesho asubuhi. Nafasi nne za kudumu, mbili Entebbe na mbili Makerere, zenye ngazi ya mshahara inayotambulika katika utumishi wa umma, zinaweza kuingizwa kwenye makadirio ya mwaka mmoja wa fedha kabla ya kununuliwa seva hata moja.